Kutoka Lilinga hadi Boma: Wilaya ya Kijerumani ya Iringa kama Inavyosomeka katika Majina Yake

Kijiji cha Ruaha Mbuyuni kimo mahali ambapo barabara kuu itokayo Morogoro hukutana na Mto Ruaha Mkuu, kabla ya kuanza kupanda Kitonga kuelekea Iringa. Wasafiri wengi hukijua kwa vitunguu vinavyouzwa kando ya barabara. Mwanaisimu ana sababu nyingine ya kusimama hapo, kwani jina la kijiji hicho limeundwa kwa maneno mawili yanayofuata sarufi mbili tofauti. La kwanza, Ruaha, ni umbo lililogeuzwa la neno la Kihehe luvaha, yaani mto. Kitamkwa l cha mwanzo kimekuwa r, na v iliyokuwa kati ya irabu mbili imedondoka. Mabadiliko yote mawili yametokea vinywani mwa wageni. La pili, Mbuyuni, ni nomino ya Kiswahili iliyofungiwa kiambishi tamati -ni. Kihehe huonyesha mahali kwa viambishi awali pa-, ku- na mu-, vinavyotangulia nomino na wala havifuati. Kiambishi -ni si mali ya Kiswahili peke yake katika Afrika Mashariki, lakini katika nyanda za Uhehe kinapotokea mwishoni mwa jina la mahali, huwa ni alama ya kuaminika kwamba Kiswahili kimepita.

Swali linalozuka ni hili: sarufi hiyo ilipanda milima kwa njia gani, na kwa mamlaka ya nani? Jibu la kawaida hutaja misafara ya pembe za ndovu, na jibu hilo lina ukweli wake. Wafanyabiashara wa pwani walifika Uhehe na Usangu miaka mingi kabla ya Mjerumani yeyote, na haidhaniwi kwamba baraza la Mkwawa lilikuwa geni kwa Kiswahili. Lakini lugha ya kununulia pembe na nguo si lugha ya kuhukumia watu wala ya kuwatoza kodi. Kiswahili kilichogawa majina, vyeo na hukumu katika nyanda hizi ni kile kilichopandishwa na utawala wa wilaya ya Kijerumani ya Iringa, iliyodumu kwa miaka 20 tu, tangu 1896 hadi 1916. Historia ya wilaya hiyo imeandikwa mara nyingi kama historia ya vita. Mhadhara huu unaisoma katika maneno yake, kwa sababu katika maneno kuna jambo moja ambalo masimulizi ya vita hulipita bila kuliona: jina la Iringa lenyewe, kama jina la nchi, ni kazi ya wilaya hiyo.

Itakumbukwa kwamba Wahehe waliunganishwa kuwa dola moja na Munyigumba katika miaka ya 1860 na 1870. Baada ya kifo chake palitokea ugomvi wa urithi, na mwanawe Mkwavinyika, ambaye historia imemfupisha kuwa Mkwawa, ndiye aliyeshika utawala. Makao ya watawala hao hayakuwa mahali pamoja. Mfaransa Victor Giraud, aliyepita Uhehe mwaka 1883, alimkuta Mkwawa Rungemba, si Kalenga. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ndipo Mkwawa alipojenga Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, ngome kubwa ya mawe na udongo ambayo ukuta wake ulizunguka mji wote. Kwa Kihehe ngome ni lilinga. Hii ni nomino ya kawaida, ya ngeli ya tano, isiyo na herufi kubwa: kila ukuta wa namna hiyo ni lilinga, kama vile kwa Kiswahili kila ngome ni ngome. Nchi iliitwa kwa watu wake, na mji uliitwa Kalenga.

Taarifa za Kijerumani za miaka ya 1890 zinautaja mji huo kwa jina la Kuirenga. Umbo hilo lina mafunzo yake. Silabi ya kwanza, ku, haielekei kuwa sehemu ya jina. Ni kiambishi cha mahali cha Kihehe, na maana ya neno zima ni “kwenye ngome”. Mtu aliulizwa Mkwawa yuko wapi, akajibu kwa sarufi yake kwamba yuko ngomeni, na jibu likaandikwa katika ramani kama jina la mji. Baadaye kiambishi kikaachwa, irabu zikasawazishwa, l ikawa r kama ilivyokuwa katika Ruaha, ikabaki Iringa. Makosa ya namna hii ni mengi katika ramani za Afrika, na kwa kawaida ni ya kuchekesha tu. Hili halikuishia kuwa la kuchekesha.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, si mbali na barabara inayoteremka leo kwenda Ruaha Mbuyuni, Wahehe waliuangamiza msafara wa Emil von Zelewski. Walikufa Wazungu 10 pamoja na Zelewski mwenyewe, na askari na wapagazi zaidi ya 200. Zelewski alikuwa na jina la kupangwa: Nyundo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele aliivunja Kalenga kwa mizinga. Mkwawa akaponyoka, na vita vya msituni vikaendelea kwa karibu miaka minne. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince alijenga kituo cha kijeshi juu ya kilima, kilomita kadhaa kutoka Kalenga. Naye alikuwa na jina lake, Sakarani, yaani mlevi. Inafaa kutazamwa kwamba majina yote mawili, Nyundo na Sakarani, ni ya Kiswahili. La pili lina asili ya Kiarabu. Maofisa hao walifika wakiwa wamekwisha kupewa majina na askari na wapagazi wao wenyewe, na Wahehe wakayapokea yakiwa tayari.

Kituo hicho kipya kiliitwa Iringa Mpya. Kalenga, iliyokuwa lilinga lenyewe, ikaandikwa Iringa ya Kale. Hapo ndipo nomino ya kawaida ilipohamishwa. Ngome iliyobomolewa ilitoa jina, ngome iliyojengwa na mshindi ikalichukua, na kutoka hapo jina likapanuka hadi likawa la Bezirk, kama Wajerumani walivyoziita wilaya zao. Eneo ambalo halikuwahi kuitwa Iringa na mtu yeyote, pamoja na watu wasiokuwa Wahehe, likaitwa hivyo kwa kalamu ya karani.

Jambo hili linaonekana vizuri zaidi likilinganishwa na wilaya jirani ya kusini magharibi. Mwaka 1893, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Hermann von Wissmann alianzisha kituo kilichoitwa Langenburg, kwa heshima ya Mwanamfalme wa Hohenlohe-Langenburg aliyekuwa amiri wa Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani. Makao yalipohamishiwa milimani, jina likahamishwa pia: Neu-Langenburg. Jina hilo lilikuwa geni machoni na masikioni, na Wajerumani walipoondoka liliondoka nalo. Leo mji huo ni Tukuyu. Vivyo hivyo Wilhelmstal ilirudi kuwa Lushoto, na Bismarckburg ikawa Kasanga. Iringa haikuguswa. Hakuna Mwingereza aliyeona haja ya kulifuta jina lenye sura ya Kibantu, wala hakuna serikali ya baada ya uhuru iliyolitilia shaka. Kwa hiyo majina ya Kijerumani yaliyovaa sare ya Kijerumani yalifutwa, na lile lililovaa nguo za wenyeji likabaki. Mtafiti anayehesabu mabaki ya utawala huo kwa kutafuta maneno yenye sura ya Kijerumani atayakosa yaliyo makubwa kuliko yote.

Wilaya ya Iringa ilikuwa na sifa nyingine iliyoitenga. Wilaya nyingi za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikabidhiwa mapema kwa maofisa wa kiraia. Iringa, pamoja na Mahenge, ilibaki chini ya jeshi. Hadi vita vya 1914 vilipoanza, hizo mbili ndizo wilaya pekee zilizokuwa bado za kijeshi. Sababu haikuwa ngumu. Serikali ilikuwa imechoma vidole vyake Lugalo na haikuwa tayari kuvichoma tena. Mwishoni mwa 1896 Prince alimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala chini ya Wajerumani. Mwezi Februari 1897 akamnyonga kwa tuhuma ya kumsaidia ndugu yake kwa siri. Mkwawa mwenyewe alijipiga risasi huko Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, askari wakiwa karibu kumfikia. Kichwa chake kilikatwa. Tangu hapo Wajerumani hawakumweka tena mtawala mkuu wa Wahehe.

Matokeo ya kilugha ya utawala wa kijeshi yanastahili kuzingatiwa kwa kirefu, kwa kuwa wanaohistoria Kiswahili mara nyingi hutazama shule za Tanga na gazeti la Kiongozi lililoanza 1904, wakasahau kambi. Mwalimu wa kwanza wa Kiswahili Uhehe, kwa maana ya mtu aliyekifanya kiwe cha lazima, alikuwa askari. Naye hakuwa mtu wa Unguja wala Mombasa. Kikosi cha kwanza cha Wissmann, mwaka 1889, kilikuwa na Wasudani walioandikishwa Misri na watu walioletwa kutoka Msumbiji. Baadaye waliongezwa watu wa kila pembe ya koloni. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya pili au ya tatu. Vyeo vyao havikuwa vya Kijerumani wala vya Kiswahili, bali vilitoka katika jeshi la Misri na la Kituruki: ombasha, shaushi, soli, efendi. Lugha iliyotoka katika kinywa cha namna hiyo ilikuwa na amri nyingi na maelezo machache. Si haki kuidharau kwa sababu hiyo, kama walivyofanya baadhi ya wapenzi wa Kiswahili sanifu. Lakini si haki pia kuisahau, kwa maana kesi ya mtu aliyepoteza ng'ombe wake ilisikilizwa kwa lugha hiyo.

Kesi zenyewe ziliitwa shauri. Neno hili lilikuwa la kawaida katika Kiswahili kwa maana ya kushauriana, watu wakiwa wamekaa pamoja. Katika boma likapata maana ya mkutano ambao mmoja huuliza na wengine hujibu. Wajerumani waliliingiza katika lugha yao bila kulitafsiri, wakaandika Schauri, kama walivyoandika Boma. Kuhusu neno hili la pili, kuna dhana iliyoenea kwamba ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayohusu utawala. Dhana hiyo haina msingi wowote: boma lilikuwa neno la Kiswahili, lenye maana ya ua au ngome, kabla ya Mwingereza kuwa na ofisi yoyote Tanganyika, na wasafiri wa miaka ya 1870 walilitumia. Linavutia hapa kwa sababu maana yake ni ile ile ya lilinga. Uhehe ulibadilishiwa ngome, na neno la kuitaja likabadilishwa pia. La zamani likabaki jina tupu lisiloeleweka na wengi wanaolitamka.

Vyeo vya watawala vilipatwa na jambo hilo hilo. Mkuu wa Wahehe aliitwa mutwa. Chini yake walikuwapo vanzagila, waliotawala sehemu za nchi kwa niaba yake, na ambao mamlaka yao yalitokana na ukoo, vita na ukaribu wao na mutwa. Katika maandishi ya Kijerumani mutwa akawa sultani, na aliyekuwa chini yake akawa jumbe. Sultani ni neno lenye Zanzibar ndani yake. Jumbe ni mkuu wa kijiji wa Mrima. Maneno hayo yalipowekwa juu ya Uhehe yalileta picha ya pwani isiyolingana na hali halisi. Jumbe aliyetajwa katika taarifa ya kituo aliwajibika kwa boma na angeweza kuondolewa na boma; mzagila aliwajibika kwa mutwa, na sasa mutwa hakuwapo. Msomaji wa leo akikuta neno jumbe katika hati hizo anaweza kudhani cheo kimoja kimetafsiriwa kwa jina lingine. Ukweli ni kwamba cheo kimoja kimeondolewa na kingine kimewekwa mahali pake, na tafsiri ndiyo iliyoficha uondoaji huo.

Kodi nayo ilikuwa na msamiati wake. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, ikihesabiwa kwa rupia. Rupia moja iligawanywa katika pesa 64 hadi mwaka 1904, serikali ilipoleta hesabu ya mia, rupia moja kwa Heller 100. Sarafu hizo hazitumiki tena tangu zamani, lakini Heller imebaki katika kila kinywa kama hela, na mnunuzi wa vitunguu Ruaha Mbuyuni huitaja bila kujua kwamba anataja senti ya Kijerumani. Hela na shule ndizo mfano wa kila kitabu cha utohozi. Ni mifano sahihi, ila imezoeleka mno.

Pamoja na kambi, palikuwa na kamusi. Carl Velten, aliyefundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, alichapisha maelezo ya lugha ya Wahehe mwaka 1899, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Mkwawa. Mwaka 1900 ukafuata mkusanyiko wa maneno ya Kihehe wa Cassian Spiss, mmisionari Mbenediktini ambaye baadaye, akiwa askofu, aliuawa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Kazi hizo mbili ni hazina, na mwanaisimu yeyote wa Kihehe huzianzia. Lakini utawala haukuzihitaji sana. Mwaka 1908 Ernst Nigmann, kamanda wa Iringa, aliyekwenda kuiokoa Mahenge wakati wa Maji Maji, alichapisha kitabu chake juu ya Wahehe, na hadi leo hutajwa kama chanzo kikuu cha mila na sheria zao. Kina mengi yasiyopatikana kwingine. Hata hivyo kila asomaye anapaswa kukumbuka kwamba mwandishi wake ndiye aliyekuwa hakimu wa watu aliowaandika, na kwamba mtu aliyeitwa bomani kueleza sheria ya ukoo wake hakuwa na sababu ya kueleza yote.

Mji uliokua kuzunguka boma unahifadhi mgawanyiko huu katika majina ya mitaa yake. Gangilonga, kwa Kihehe, ni jiwe lisemalo. Neno la jiwe lililomo humo ndilo linalosikika pia katika Tosamaganga, mahali pa misheni ya Wabenediktini magharibi mwa mji. Kihesa nalo si la Kiswahili. Lakini ukishuka katikati ya mji, palipokuwa na soko na kambi, unakuta Miyomboni na Kitanzini, yote yakiishia na -ni. La kwanza linataja miti. La pili mapokeo ya mji hulihusisha na kitanzi cha kunyongea watu zama za Wajerumani. Kiambishi peke yake hakitoi tarehe, na jina moja haliwezi kubeba hoja nzima. Lakini majina ya -ni yanapokusanyika penye boma na penye barabara, huku yale ya Kihehe yakishika miamba na vilima, mpangilio huo hauwezi kuwa wa bahati. Mbuyuni, chini kabisa bondeni penye mibuyu, umo katika mstari huo huo.

Utawala wa Kijerumani ulikoma Iringa tarehe 29 Agosti 1916, majeshi ya Jenerali Northey yalipoingia mjini yakitokea Nyasaland. Mapigano katika wilaya, hasa Ngominyi, Malangali na Lupembe, yaliendelea hadi miezi ya mwisho ya mwaka huo. Waingereza walilikuta jina, wakalikuza zaidi: mwaka 1926 Iringa ikawa pia jina la jimbo. Mwaka huo huo, kwa siasa yao ya kutawala kupitia wakuu wa kienyeji, walimrudisha Sapi, mwana wa Mkwawa, katika utawala. Hapo ikawalazimu kutafuta maneno yaliyofunikwa. Kitabu cha Brown na Hutt cha mwaka 1935, kilichotokana na utafiti wa pamoja wa mwanaanthropolojia na ofisa wa wilaya huko Iringa, kinamrudisha mzagila katika maandishi. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuzoea jumbe kwa miaka 30, na baraza jipya la kienyeji liliandika kumbukumbu zake kwa Kiswahili.

Kuhusu Mkwawa mwenyewe, ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919 iliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu lake, ikimtaja kwa cheo cha Sultani. Ilipita miaka 35. Gavana Edward Twining alilitafuta katika makumbusho ya Bremen mwaka 1953, akalichagua moja kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa wa ukoo huo, na tarehe 19 Juni 1954 likapokelewa Kalenga na Adam Sapi, mjukuu wake, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge mwaka 1962. Liko Kalenga hadi leo, mahali palipoitwa Iringa kabla Iringa haijahamishwa.

Mwaka 1968 M. Musso alichapisha kitabu kidogo cha Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa nchi huru, akakiita Mukwava na Kabila Lake. Wajerumani walikuwa wameandika Quawa, na vitabu vya shule viliandika, na bado vinaandika, Mkwawa. Musso aliandika kwa Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ila katika jina hilo moja aliirudisha irabu u na kitamkwa v, kama Wahehe wanavyolitamka.